UZI: Kimbunga kikitangazwa tena, sisi wa Mombasa tufuatilie nini hasa?

Kibokoni_Mjini

Salamu wakuu. Tangu kimbunga Melissa kiipige Jamaika tarehe 28 Oktoba 2025 kwa upepo wa kilomita 295 kwa saa, magrupu yetu ya WhatsApp yamegawanyika mafungu mawili. Fungu moja linasema Mombasa haipigwi, tuko karibu na ikweta, tulale. La pili linatuma picha za Windy, ile programu ya ramani za upepo, zenye dude jekundu katikati ya bahari na kuandika "inakuja hiyo". Mimi kazi yangu ni kutoa mizigo bandarini Kilindini. Meli ikichelewa kwa sababu bahari imechafuka, wenye makontena hunipigia simu mimi, si nahodha. Kwa hiyo mambo haya nayafuatilia msimu hadi msimu, nipende nisipende. Naandika ninavyoangalia mimi, mwenye la kuongeza aongeze.

Kimbunga kina maswali mawili: kinaelekea wapi, na kikifika kitakuwa na nguvu kiasi gani. Watu huyachanganya, ilhali majibu yake hayako sawa hata kidogo. Njia inatabirika vizuri siku hizi, kwa sababu kimbunga hakijiendeshi; husukumwa na mikondo mipana ya upepo inayokizunguka, na mikondo hiyo ni mikubwa kiasi cha kuonwa na modeli za kompyuta siku kadhaa kabla. Nguvu ndiyo inayowatoa jasho wataalamu. Hiyo huamuliwa na mambo madogo yanayotokea karibu na jicho lenyewe, na joto la bahari (digrii 26.5 kwenda juu, na joto hilo liwe limefika hadi kina cha chini, lisiwe la juu juu tu), na hewa kavu ikiingia pembeni, na upepo wa juu ukivuma kinyume na wa chini hadi kichwa cha mawingu kikahama kutoka kwenye kiwiliwili.

Mfano wa Meksiko ni Otis, Oktoba 2023. Kilikuwa dhoruba ya kawaida tu, na kwa muda wa siku moja hivi kikawa daraja la 5, lile la juu kabisa, kikaingia Acapulco usiku. Njia waliijua. Nguvu hawakuiona.

Mfano wa karibu nasi ni Gati, Novemba 2020, kule Somalia. Kwa saa 12 upepo wake ulipanda kutoka kama kilomita 65 kwa saa hadi 185. Mtu aliyesoma taarifa ya usiku akalala, asubuhi alikuwa anasoma habari za kimbunga kingine kabisa.

Kuna jambo watu wengi hawalijui. Kule Atlantiki Wamarekani hurusha ndege hadi ndani ya jicho na kudondosha vipimo. Bahari yetu haina ndege hizo. Nguvu ya kimbunga hapa hukadiriwa hasa kwa picha za setilaiti, kwa njia ya Dvorak ya tangu miaka ya 1970: mtaalamu anatazama mawingu yamejiviringisha vipi, jicho limejichora au bado, anatoa namba kati ya 1 na 8, na namba hiyo ndiyo inayogeuzwa kuwa upepo. Njia nzuri na imeokoa watu wengi. Lakini ukisoma "kilomita 150 kwa saa", jua kwamba hakuna aliyekuwa pale na kipimo mkononi.

Ngalawa_Bamburi

Mzee umeandika vizuri lakini sisi wa ufuoni tuna yetu. Mei 2024 tulifungiwa bahari kwa ajili ya Hidaya. Hakuna kuogelea, hakuna kuvua, hakuna kupeleka wageni. Wageni wangu wakarudishiwa pesa zao. Nikakaa hapo ufuo wa Pirates natazama maji, na maji yalikuwa ya kawaida tu! Kimbunga chenyewe hakikuja. Sasa mwakani wakisema tena, nani atawasikiliza?

Mbagala_Kwetu

Ndugu yangu wa Bamburi, hakikuja kwenu. Kwetu kilikuja. Kilifika Mafia tarehe 4 Mei, nyumba zikaezuliwa, na mvua yake ikaikata barabara ya Dar kwenda Lindi pale Somanga, magari yakabaki kila upande yanatazamana. Ni kweli kilikuwa kimeshapungua nguvu kilipofika, na TMA, mamlaka yetu ya hali ya hewa Tanzania, wenyewe walitangaza hivyo. Lakini mtu aliyekwama Somanga ukimwambia "kimepungua nguvu" atakuuliza kimepungua kwa nani.

Sisi tuliwahi kucheka mwaka 2021. Jobo alitangazwa Aprili ile, Dar nzima ikajifungia, akafika kama kiwingu. Hewa kavu na upepo wa juu vilishammaliza njiani. Vichekesho vilijaa mtandaoni wiki nzima.

Kibokoni_Mjini

@Ngalawa_Bamburi pole kwa hasara, sisemi kwamba si hasara. Lakini kuna kitu kuhusu Hidaya ambacho kingekusaidia kuelewa kwa nini maji yako yalikuwa matulivu, na si kwamba walitudanganya.

Huku kusini mwa ikweta kimbunga huzunguka kwa mwendo wa akrabu za saa. Chukua karatasi, chora duara, weka mishale. Upande wa kusini wa duara upepo unatoka mashariki, yaani unatoka baharini kuja nchi kavu, ukisukuma maji na mvua juu ya watu. Upande wa kaskazini upepo unatoka magharibi, unatoka bara kwenda baharini. Hidaya alikuja akitokea mashariki akaelekea Mafia. Kilwa, Lindi na Mtwara wakawa kusini mwake. Sisi tukawa kaskazini. Kimbunga hicho hicho, saa hizo hizo, kwao kinaleta bahari na kwetu kinaitoa.

Lau njia ingepanda kaskazini nyuzi nne tano, ikaingia Kilifi au juu kidogo, Mombasa ingehamia upande mwingine. Na mwezi ule nchi ilikuwa imeshalowa. Mafuriko ya Machi hadi Mei yalikuwa yameua zaidi ya watu 200 Kenya, shule zimeahirishwa kufunguliwa, zikaja kufunguliwa tarehe 13 Mei. Aliyetoa amri ya kufunga ufuo alikuwa anatazama umbo pana lenye uwezekano mwingi ndani yake, wewe ulikuwa unatazama Pirates.

Ngalawa_Bamburi

Haya hilo la mishale nimelichora na nimelielewa. Lakini fidia bado naitaka 😂

Kapteni_Mstaafu_Tudor

Vijana, hilo la mishale sisi tulilitumia melini kabla ya simu hizi. Simama uso ukielekea unakotoka upepo. Huku kusini mwa ikweta, katikati ya kimbunga patakuwa kushoto kwako, kidogo nyuma ya bega. Kaskazini mwa ikweta ni kulia. Kisha unatazama barometa na unatazama upepo unahama vipi. Upepo ukibaki pale pale, hauhami upande, na barometa inashuka, basi uko kwenye njia yake na ni wakati wa kuondoka, si wa kupiga hesabu nyingine.

Watu wa ngalawa msinijibu kwamba hamna barometa. Simu nyingi za bei ya juu siku hizi zina kipimo cha mgandamizo wa hewa ndani yake, tafuteni programu ya kukisoma. Lakini jueni kwamba pwani yetu mgandamizo hupanda na kushuka kidogo mara mbili kila siku hata kama mbingu ni nyeupe. Hiyo ni kawaida ya nchi za joto. Ukishuka kupita kawaida hiyo na usipande saa yake ikifika, hapo ndipo pa kukunja uso.

Bi_Kizingo

Mnazungumza upepo tu, na maji je? Nyumba yangu iko karibu na Mama Ngina, pale ufukweni, najua ninachosema. Tofauti ya kujaa na kupwa Mombasa wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hupita mita 3. Kimbunga kikisukuma maji wakati wa maji mafu, yale madogo ya robo za mwezi, na maji yamekupwa, hata barabarani hayafiki. Kikisukuma bamvua limejaa, ni habari nyingine.

Fungueni kalenda ya mwezi. Hidaya alifika tarehe 3 na 4 Mei 2024. Robo ya mwisho ya mwezi ilikuwa tarehe 1, kwa hiyo maji yalikuwa mafu. Bahati. Ialy aliyemfuata mwezi ule ule alikuwa baharini mbele yetu karibu tarehe 21, na mwezi mpevu ulikuwa tarehe 23. Hapo maji yalikuwa yanakwenda kwenye bamvua. Ialy ndiye aliyenikosesha usingizi mimi, na watu wote walikuwa wameshachoka na Hidaya, hakuna aliyemjali.

Kibokoni_Mjini

Bi Kizingo, shikamoo, na ahsante sana. Hili la bamvua lingepaswa kuwa mstari wa kwanza wa uzi.

Na Ialy ni somo zuri kwa sababu njia yake ilikuwa nyingine kabisa. Hakuja kupiga nchi kavu kwa kichwa. Alipanda kaskazini sambamba na pwani yetu hadi karibu na Somalia. Rudini kwenye karatasi yenu: kimbunga kikiwa mashariki yetu, sisi tuko upande wake wa magharibi, na huko upepo unatoka kusini. Mei kusi huwa imeshaanza kuvuma. Kwa hiyo kusi ya kawaida ikaongezewa nguvu na kimbunga juu yake. Yeyote aliyekuwa anavuka Likoni siku zile anakumbuka feri ilivyokuwa ikiyumba.

Kwa hiyo mtu akiniuliza "kimbunga kina nguvu gani?" mimi humuuliza kwanza: kiko upande gani wetu, kinakwenda wapi, na mwezi una umri gani. Daraja baadaye.

Form4_Changamwe

Ami samahani, mwalimu wetu alitufundisha kwamba kimbunga hakiwezi kufika chini ya nyuzi 5 kutoka ikweta kwa sababu nguvu ya mzunguko wa dunia ni ndogo mno pale. Mombasa iko nyuzi 4 kusini. Sasa Ialy alipitaje?

Kibokoni_Mjini

Mwanangu, mwalimu wako hajakosea, ila neno "hakiwezi" lina ugumu. Kimbunga kuzaliwa karibu na ikweta ni nadra sana, kwa sababu hiyo hiyo uliyoitaja: hewa inakimbilia katikati badala ya kuzunguka. Lakini kilichozaliwa mbali, kikawa tayari kinazunguka, kinaweza kusogea karibu na ikweta kabla hakijafa. Na nadra si kamwe. Desemba 2001 kimbunga Vamei kilizaliwa nyuzi 1.4 tu kaskazini ya ikweta, karibu na Singapore.

Na wanaosema pwani hii haijawahi, waulize Unguja, iliyo nyuzi 6 kusini. Aprili 1872 kimbunga kilizivunja merikebu za Sultani Barghash na kung'oa mikarafuu ya kisiwa. Aprili 1952 ikawa zamu ya Lindi. Hiyo ni miaka 80 kati ya kimoja na kingine, kwa hiyo babu anaweza kuishi na kufa asikione, na hapo ndipo watu wanapopata kusema "haijawahi".

Mbagala_Kwetu

Mkuu nieleze kitu kimoja. Hidaya ilipokuwa inakuja, kila mtu alituma ramani yake. Moja inaonyesha Dar, moja Tanga, moja inageuza inarudi baharini. Nani wa kuaminiwa?

Kibokoni_Mjini

Hapo umegusa penyewe, nitaandika kidogo kwa urefu.

Kwa upande wetu, kusini mwa ikweta, kituo chenye dhamana ni Météo-France kisiwani La Réunion. Wao ndio wanaotoa msimamo rasmi wa njia na nguvu. Majina hutolewa na Morisi au Madagaska kutegemea kimbunga kiko mashariki au magharibi ya longitudo ya nyuzi 55, na yanakwenda kwa alfabeti, ndiyo maana baada ya Hidaya akaja Ialy. Ukivuka ikweta kwenda kaskazini, mwenye dhamana ni New Delhi. Kenya imekaa juu ya mstari wenyewe, ina mguu mmoja kila upande. Kutoka hapo Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, na TMA kwenu, hutafsiri yale kuwa tahadhari ya mahali: mawimbi kiasi gani Lamu, mvua kiasi gani Kwale. Hiyo tahadhari ya mahali ndiyo ya kufuata kwa shughuli. Ya La Réunion ni ya kuelewa.

Wamarekani nao wana kituo chao cha kijeshi kinachofuatilia bahari yetu, na namba zake huwa kubwa zaidi. Si kwamba wanatia chumvi. Wao hupima wastani wa upepo wa dakika 1, La Réunion wastani wa dakika 10. Kwa hiyo ukiona gazeti moja limeandika "daraja la 1" na jingine "dhoruba kali ya kitropiki", inawezekana wote wanazungumzia upepo ule ule. Kwa La Réunion, kuitwa kimbunga kamili kunaanzia kilomita 118 kwa saa, na kikipita 212 kinaitwa kikali sana. Usichukue namba ya huyu ukaitia kwenye jedwali la yule.

Sasa ramani zile za rangi mnazotumiana. Windy si mtabiri. Inakuchorea modeli moja uliyoichagua, na ukibonyeza pembeni itakuchorea nyingine. Modeli ya Ulaya inaweza kupeleka kimbunga Tanga na ya Marekani ikakipeleka Msumbiji, siku hiyo hiyo. Hata Melissa siku za mwanzo ilizigawanya modeli hivyo, kwa kuwa ilikuwa inakwenda pole pole mno, haina msukumo wa kueleweka. Ramani ya siku 10 mbele yenye dude jekundu mlangoni mwa Kilindini ni ya kutazama na kufunga.

Kuna tarehe pia. Taarifa za La Réunion hutoka kila baada ya saa 6 na muda wake umeandikwa kwa UTC, yaani saa ya kimataifa. Sisi tuko saa 3 mbele, kwa hiyo 06 UTC ni saa tatu asubuhi yetu, 12 UTC ni saa tisa alasiri. Picha ikitumwa kwenye grupu haina saa, ifute. Mwezi ule wa Mei niliona watu wanatumiana ramani ya juzi wakiwa na hofu ya leo.

Na koni. Lile umbo linalopanuka kadiri siku zinavyosogea si ukubwa wa kimbunga. Linaonyesha mahali ambapo katikati yake panaweza kupita. Wamarekani huichora yao kwa kipimo kwamba katikati hubaki ndani ya koni takriban mara mbili kati ya tatu. Kwa maneno mengine, mara moja kati ya tatu hutoka nje. Mvua na mawimbi ndiyo kabisa, hayana habari na koni. Unaweza kuwa nje yake ukaloa vizuri.

Kapteni_Mstaafu_Tudor

Niongeze hapo. Nguvu na njia zinasikilizana. Kimbunga dhaifu ni kama jahazi tupu, lapelekwa na upepo wa juu ya maji tu. Chenye nguvu ni jahazi lililopakia, limezama, linasikia mkondo wa chini. Kimbunga kirefu kilichopanda hadi juu angani husukumwa na upepo wa tabaka zote. Kilichokatwa kichwa husukumwa na ule wa chini peke yake. Ndiyo maana wakikosea nguvu, baada ya siku mbili njia nayo inahama. Jobo alipodhoofika alifuata upepo wa chini tu.

Mkulima_Kaloleni

Mimi sina bahari, nina mahindi. Nauliza: hivi vimbunga vya Msumbiji na Madagaska vina uhusiano na mvua zetu? Mwaka 2019 nilipanda, mvua ya masika ikanikimbia.

Kibokoni_Mjini

Vina uhusiano, na mara nyingi ndivyo vinavyotugusa zaidi kuliko upepo. Machi 2019 Idai alikuwa kwenye mlango-bahari wa Msumbiji, akaipiga Beira. Unyevu uliokuwa uje huku ulivutwa kule, masika ya Kenya yakachelewa. Mwaka uliotangulia, Machi 2018, Dumazile na Eliakim walikuwa upande wa Madagaska, na hewa yenye unyevu kutoka Kongo ikavutwa kupita juu yetu. Mvua ile unaikumbuka. Kwa hiyo mahali kimbunga kilipokaa, hata kiwe kilomita elfu moja na zaidi kutoka hapa, ni habari ya shamba lako. Usipande kwa kufuata uzi wangu lakini, sikiliza utabiri wa msimu.

Bi_Kizingo

Na msimu wenyewe unaanza lini na kwisha lini, tuweke wazi. Nasikia watu wanasema Aprili 30 umefungwa.

Kibokoni_Mjini

Kwa kawaida ni 15 Novemba hadi 30 Aprili, Morisi na Shelisheli wanaongeza hadi 15 Mei. Bahari haisomi kalenda hiyo. Hidaya ni Mei, Ialy ni Mei. Kwa pwani yetu mimi naangalia zaidi Machi hadi Mei, kwa sababu maji bado yana joto na kusi haijashika sawasawa.

Ngalawa_Bamburi

Sasa mzee nina watu Jumatano, familia kutoka Nakuru, wanataka kwenda Wasini. Huu upepo wa tangu juzi ni nini? Simu yangu haina kipimo cha Kapteni, nimetafuta.

Kapteni_Mstaafu_Tudor

Unatoka wapi?

Ngalawa_Bamburi

Kaskazini mashariki. Asubuhi mdogo, alasiri unapanda.

Kapteni_Mstaafu_Tudor

Na usiku unalala?

Ngalawa_Bamburi

Unalala.

Kapteni_Mstaafu_Tudor

Kaskazi hiyo, mwanangu, na joto la mchana juu yake. Soma taarifa ya Idara jioni ya Jumanne, uondoke Shimoni mapema, urudi kabla ya alasiri. Na hao wa Nakuru wavae majaketi kabla ya kupanda, si mkishafika katikati.